MUHAMMAD BIN MUSA AL-KHWARIZMI, ALIYEFUNDISHA KUTAFUTA FUNGU LISILOJULIKANA



Ndugu Waislamu wa Kampene na vitongoji vyake, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad (S.A.W.), Ijumaa hii karatasi yetu inaeleza maisha ya mwanachuoni ambaye jina lake linatajwa kila siku duniani na wengi wanaolitaja hawajui kwamba ni jina la mtu.

Vijana wetu wanaosoma sekondari hurudi nyumbani na daftari zilizojaa herufi x na y, na wazee wakiuliza huambiwa kwamba hiyo ni aljebra. Basi mzee hutikisa kichwa na kusema hayo ni mambo ya wazungu, hayana faida kwetu, bora mtoto akachote maji. Lakini mzee huyo huyo akifiwa na ndugu yake, akabaki mjane, watoto sita, nyumba ya mabati, mbuzi wanane na deni la franka, hapo ndipo ugomvi unapoanza, na hakuna mtu wa kuutuliza kwa hesabu. Kitabu cha kwanza kabisa kuitwa kwa jina la aljebra kiliandikwa na Mwislamu, kwa Kiarabu, na karibu nusu yake ni hesabu za wasia na mirathi.

Mwandishi wake ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Alizaliwa karibu na mwaka 780, sawa na mwaka 164 wa Hijra hivi. Jina la al-Khwarizmi lina maana ya mtu wa Khwarizmi, nayo ni nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral, mahali mto Amu Darya unapomalizia safari yake. Siku hizi nchi hiyo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Ni mbali sana na Makka na Madina, na watu wake hawakuwa Waarabu. Kiarabu kwake ilikuwa lugha ya elimu, kama Kifaransa kilivyo kwa mtoto wa Kampene anayeongea Kilega au Kiswahili kwao.

Wakati huo mji mkubwa wa Waislamu ulikuwa Baghdad, uliojengwa kuanzia mwaka 762 na Khalifa al-Mansur. Khalifa Harun al-Rashid alipokufa mwaka 809, wanawe wawili, al-Amin na al-Ma'mun, walipigania urithi wa ufalme. Al-Amin aliuawa mwaka 813 na al-Ma'mun akabaki peke yake hadi alipokufa mwaka 833. Angalieni, ndugu zangu: hata nyumba ya Khalifa iliingia damu kwa sababu ya kugawana.

Al-Ma'mun alipenda elimu kuliko watawala wengi waliomtangulia. Katika jumba la vitabu la Baghdad lililoitwa Nyumba ya Hekima, alikusanya watu wa kutafsiri vitabu vya Wagiriki, vya Waajemi na vya Wahindi, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu, Wakristo na wengineo. Karatasi ilikuwa imekwisha kufika kutoka upande wa China, na kitabu kikawa rahisi kuliko zamani za kuandika juu ya ngozi. Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad aliyeandika orodha kubwa ya waandishi mwaka 987, anamtaja al-Khwarizmi kuwa alikuwa katika hazina hiyo ya vitabu ya al-Ma'mun. Hapo ndipo alipofanyia kazi zake.

Al-Khwarizmi mwenyewe anaeleza mwanzoni mwa kitabu chake, baada ya kumsifu Mwenyezi Mungu, kwamba Khalifa ndiye aliyemhimiza aandike kitabu kifupi cha hesabu, chenye yale ambayo watu wanayahitaji daima: katika mirathi na wasia, katika kugawana mali, katika kesi na biashara, katika kupima mashamba na kuchimba mifereji. Kitabu kinaitwa kwa kifupi al-Jabr wal-Muqabala, na kiliandikwa katika utawala wa al-Ma'mun, yaani kati ya mwaka 813 na 833. Ni kitabu cha kufundishia wanaoanza. Ndani yake hakuna x wala y, hakuna alama ya kujumlisha wala ya kutoa. Kila kitu kimeandikwa kwa maneno, hata namba zenyewe. Kwa hiyo mtu anayeogopa alama za ubaoni asikimbie, kwani mwenye elimu hiyo hakuzitumia.

Sasa tueleze maana ya jina, maana ndani ya jina ndimo kazi ilimo. Kile kisichojulikana, al-Khwarizmi alikiita shay, yaani kitu. Hiyo ndiyo x ya watoto wetu. Mtu asiyejua jibu hanyamazi, anasema: hapa kuna kitu, sikijui bado, lakini nitakitaja na kukiweka kwenye hesabu kama vile nakijua, mpaka mwisho chenyewe kijitambulishe. Ujanja wote wa aljebra unaanzia hapo.

Jabr ni kurudisha kilichopungua au kuunga kilichovunjika. Waarabu walilitumia neno hilo hilo kwa mganga anayeunga mfupa, na huko Spania, walikotawala Waislamu, mtu wa kuunga mifupa aliitwa kwa jina la algebrista kwa karne nyingi. Muqabala ni kukabilisha, yaani kuweka pande mbili uso kwa uso na kuondoa kinachofanana. Sisi wa Kampene hatuhitaji mfano wa mbali, kwa sababu mizani ndogo ya kupimia dhahabu tunaijua. Ikiwa sahani mbili zimelingana, ukiongeza kitu upande mmoja lazima uongeze sawasawa upande wa pili, na ukitoa huku utoe na kule. Ukifanya hivyo mizani haidanganyi.

Chukueni mfano mwepesi. Ndugu mmoja ana kilo 50 za mchele na ndugu yake ana kilo 20. Wa kwanza anataka kumpa mwenzake kiasi fulani ili wawe sawa. Kiasi hicho hatukijui, basi tukiite kitu. Wa kwanza atabaki na 50 kasoro kitu. Wa pili atakuwa na 20 na kitu. Pande hizi mbili ziwe sawa.

Upande wa kwanza umevunjika, kwa sababu una upungufu wa kitu. Tuuunge: tuongeze kitu kimoja pande zote mbili. Sasa upande mmoja ni 50 na upande wa pili ni 20 na vitu viwili. Hiyo ndiyo jabr. Kisha tukabilishe: 20 imo pande zote mbili, tuiondoe kotekote. Inabaki 30 ni sawa na vitu viwili, na kitu kimoja ni 15. Hiyo ndiyo muqabala. Ampe kilo 15, na kila mmoja atakuwa na 35. Kweli, mama wa sokoni atajibu swali hili bila karatasi. Lakini njia hii haichoki hata swali likiwa kubwa, na hesabu ya kichwa huchoka.

Baada ya hapo mwanachuoni huyu anapanda ngazi. Anasema namba za hesabu hii ni za aina tatu: namba ya kawaida, mzizi, na mali. Mzizi ni kitu chenyewe, na mali ni mzizi ukizidishwa kwa nafsi yake. Neno alilotumia ni mal, ndilo neno letu hili hili la mali tunalolitumia kwa utajiri. Halafu anapanga maswali yote katika milango sita na kutoa njia ya kila mlango. Mfano wake ulio mashuhuri ni huu: mali moja na mizizi 10 ni sawa na 39. Mzizi ni ngapi?

Njia yake ni hii. Chukua nusu ya mizizi 10, ni 5. Zidisha 5 kwa 5, ni 25. Jumlisha na 39, ni 64. Mzizi wa 64 ni 8. Toa ile nusu, yaani 5, inabaki 3. Mzizi ni 3 na mali ni 9. Hakikisheni: 9 na mara kumi ya 3, yaani 30, ni 39.

Mwalimu mwingine angeishia hapo na kumwambia mwanafunzi akariri. Al-Khwarizmi alichora picha. Fikirini kiwanja cha pembe nne zilizo sawa, ambacho upande wake haujulikani. Hicho ndicho mali. Ongezeni ukanda wa upana wa 5 upande mmoja, na ukanda mwingine wa upana wa 5 upande wa jirani yake. Kanda hizo mbili ndizo mizizi 10. Kiwanja na kanda zake ni 39. Lakini pembeni panabaki pengo, na pengo hilo ni 5 kwa 5, yaani 25. Likijazwa, kiwanja kizima kinakuwa 64, upande wake 8. Ondoa ule upana wa 5, unabaki 3. Mkulima aliyewahi kupima shamba kwa kamba ataiona picha hii kwa macho, na atajua kwa nini jibu ni 3, hatalazimika kumwamini mtu.

Sasa tuingie kwenye mirathi, na kwa maoni yangu hapa ndipo moyo wa kitabu ulipo, ingawa wengi wanaomsifu al-Khwarizmi hawafiki huku. Qur'ani Tukufu, katika sura ya Wanawake, imeweka mafungu: nusu, robo, thumni, thuluthi, thuluthi mbili na sudusi. Sheria ikaweka taratibu: madeni ya marehemu yalipwe kwanza, kisha wasia, nao usizidi thuluthi, kisha wapewe warithi. Maneno ni wazi. Lakini watu hufa wakiwa wameacha mambo yaliyofungamana, na hapo kadhi asiyejua hesabu hupotea hata akiwa mcha Mungu.

Swali moja katika kitabu ni hili. Mtu amekufa, ameacha wana wawili. Ameusia thuluthi ya mali yake apewe mtu wa nje. Fedha iliyopo ni dirhamu 10. Na mwana mmoja alikuwa amekopa kwa baba yake dirhamu 10, na deni hilo nalo ni mali ya marehemu.

Ugumu uko wapi? Mwana mwenye deni hana fedha mkononi, kwa hiyo fungu lake litakatwa kwenye deni lake. Lakini fungu lake hatulijui mpaka tujue jumla ya kugawanya, na jumla hatuijui mpaka tujue ni kiasi gani cha deni kitakachohesabiwa. Ukianza huku unarudishwa kule. Katika vikao vya matanga ni hapa ndipo mwenye sauti kubwa hushinda.

Al-Khwarizmi anasema: kile kinachokatwa kwenye deni kiite kitu. Kiongeze kwenye fedha iliyopo, jumla inakuwa 10 na kitu. Toa thuluthi ya wasia, nayo ni 3 na thuluthi moja, pamoja na thuluthi ya kitu. Inabaki 6 na thuluthi mbili, pamoja na thuluthi mbili za kitu. Wagawie wana wawili: kila mmoja anapata 3 na thuluthi moja, pamoja na thuluthi ya kitu. Lakini fungu la yule mwenye deni ndilo kile kitu chenyewe. Basi kitu kizima ni sawa na 3 na thuluthi moja, pamoja na thuluthi ya kitu. Ondoa thuluthi ya kitu pande zote mbili, zinabaki thuluthi mbili za kitu ni sawa na 3 na thuluthi moja. Ili kitu kikamilike kiongezee nusu ya thuluthi hizo mbili, na upande wa pili uongeze nusu vilevile. Jibu ni 5.

Kwa hiyo mwenye wasia anachukua dirhamu 5, mwana asiye na deni anachukua 5, na mwana mwenye deni amekatiwa 5 kwenye deni lake. Dirhamu 10 zilizokuwapo zimetosha bila kubaki wala kupungua. Tuongeze sisi wenyewe: mwenye deni bado anadaiwa 5 nyingine. Siku Mungu atakapomjaalia kuzilipa, zitagawanywa mafungu matatu kama zile za kwanza, na kila mmoja atakuwa amepata 6 na thuluthi mbili, yaani thuluthi ya 20 kamili. Hakuna aliyedhulumiwa, wala hakuna aliyehitaji kupandisha sauti.

Liko swali jingine la mwanamke aliyekufa akaacha mume, mwana mmoja wa kiume na mabinti watatu, akausia mtu wa nje thumni na subui ya mali yake, yaani fungu moja katika manane na fungu moja katika saba. Mwanachuoni anatafuta namba inayokubali kugawanyika kote bila vipande, nayo ni 1120. Wasia ni 300. Zinabaki 820 za warithi: mume 205, mwana 246, kila binti 123. Jumlisheni wenyewe mpate 820. Binti hapa ana fungu lake lililoandikwa kwa namba, na mjomba wala baba mdogo hawezi kusema hakuliona. Nawaachia mnaojua yanayotokea katika nyumba zetu mkifikiri juu ya hilo.

Kuna jambo la haki nataka kusema, kwani baadhi ya wahubiri huvuka mpaka kwa kumsifu. Al-Khwarizmi hakuwa mtu wa kwanza duniani kutafuta namba isiyojulikana. Watu wa Babeli walifanya hivyo miaka zaidi ya elfu mbili kabla yake, na wamo Diofanto wa Iskandaria na Brahmagupta wa India. Yeye aliyakusanya maswali yaliyokuwa yametawanyika, akayafanya kuwa elimu moja yenye milango, njia na ushahidi, na akaiandika ili mwanafunzi aweze kuisoma. Abu Kamil wa Misri, aliyekuja baada yake, alikubali kwamba amejifunza kutoka kitabu hicho.

Kazi zake nyingine nitazipitia upesi. Aliandika kitabu cha hesabu ya Kihindi, yaani zile tarakimu tisa pamoja na duara dogo la mahali patupu, ambalo Waarabu waliliita sifr na sisi tukaliita sifuri. Namba tunazodhani ni za kizungu zilitoka India na kupita mikononi mwa Waislamu. Asili ya Kiarabu ya kitabu hicho imepotea, ila tafsiri ya Kilatini imebaki. Aliandika jedwali za mwendo wa jua, mwezi na sayari. Aliandika pia kitabu cha Sura ya Ardhi, chenye mahali 2402, kila mahali na vipimo vyake. Nakala yake moja, iliyoandikwa mwaka 1037, iko Strasbourg huko Ufaransa, na ndani yake mna ramani ya mto Nili ukianzia katika Milima ya Mwezi. Wengi wanaona kuwa milima hiyo ni Ruwenzori, iliyo mpakani mwa Kongo yetu na Uganda. Basi huko Baghdad, mtu ambaye hakufika kwetu alikuwa ameiandika milima hiyo, akifuata Batlamiyusi wa Wagiriki na kumsahihisha katika mengi.

Al-Khwarizmi alifariki karibu na mwaka 850. Miaka kama mia tatu baadaye, mwaka 1145, Mwingereza mmoja aitwaye Robert wa Chester alikitafsiri kitabu cha al-Jabr kwa Kilatini katika mji wa Segovia, Spania. Akafuata Gerard wa Cremona. Watafsiri walishindwa kulifasiri neno al-jabr, wakaliacha lilivyo, nalo likawa aljebra. Jina la mwandishi mwenyewe waliliandika Algoritmi, na kutokana na hilo likatoka neno algoritimu, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua ambao mashine za hesabu na simu zetu za mkononi zinaufuata. Milango ya mirathi haikutafsiriwa, kwani Wazungu hawakuwa na haja nayo. Ilibaki katika Kiarabu, katika nakala ya mwaka 743 wa Hijra iliyohifadhiwa Oxford, mpaka mwaka 1831 Frederic Rosen alipoichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Vijana wa madrasa na wa sekondari, swali lifuatalo limo katika kitabu chake, katika mlango wa tano. Mali moja na 21 ni sawa na mizizi 10. Mzizi ni ngapi? Angalieni vizuri, swali hili lina majibu mawili na yote ni sahihi. Wasichana nao wajibu. Leteni karatasi zenu kwa mwalimu wa madrasa kabla ya Ijumaa ijayo, mkionyesha njia yote na siyo jibu peke yake.

Tafadhali usiitupe karatasi hii chini, ina majina matukufu. Ukimaliza kuisoma mpe jirani.